Sahani ya Thelathini na Moja

Kwanza, zisilazwe.
Hilo nilijifunza kwa hasara: sahani juu ya sahani,
meno ya moja yanauma mgongo wa nyingine,
na wimbo uliolala chini ya wimbo
huamka kilema.

Zisimame, basi, ubavu kwa ubavu,
kama wachimbaji alfajiri wakingoja kushuka shimoni,
kila mmoja na namba yake.
Kati yao natia karatasi.
Nilitunza bohari ya kampuni miaka ishirini na sita,
karatasi sikosi: hati za mishahara,
jina langu juu, jumla chini,
miezi thelathini na sita ambayo hakuna aliyeilipa.
Mwishowe zimepata kazi.
Zinazuia chuma kisile chuma.

Nazipanga kwa upana, si kwa majina.
Majina ni ya Kijerumani, wino wa dhahabu,
siyasomi. Nasoma matundu.
Napitisha ukucha wa kidole gumba,
naizungusha taratibu,
ti, ti-ti, kimya, ti:
mwendo nausikia, sauti sina.
Sauti ilikuwa ndani ya sanduku,
kwenye kile kitana cha chuma,
na sanduku lilikwenda Bel-Air mwaka ule wa unga,
kwa mifuko minne na chupa ya mawese.
Mnunuzi hakuulizia sahani.
Nami sikumkumbusha.

Mvua za Novemba zikikaribia
nafuta kila moja kwa mafuta ya cherehani,
tone moja, kipande cha kitenge kilichochakaa.
Vumbi jekundu la Kamalondo lina subira.
Mchwa hana; ndiyo maana miguu ya rafu
imesimama ndani ya makopo manne ya maziwa
yaliyojaa oili chafu ya gari.

Daftari nalo lipo, mistari kwa rula:
namba, upana, kutu, meno yaliyovunjika.
Mjukuu wangu Masengo anasoma, mimi nagusa.
Ishirini na tisa, ipo.
Thelathini, ipo.
Thelathini na moja…
Anatazama jikoni.

Bibi yake aliichukua siku mfuniko wa sufuria ulipotoboka.
Nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia.
Akanijibu bila kugeuka:
"Sahani isiyopakuliwa, na ifunike."
Miaka kumi na mitano imefunika sombe,
moshi umemeza dhahabu, mvuke umelainisha meno,
na tangu tumzike Kabedi
hakuna aliyethubutu kununua mfuniko.

Sufuria ikichemka, inatetemeka,
meno machache yaliyobaki yanagonga ukingo,
ti, ti-ti.
Katika zote sitini na nne
ndiyo pekee inayolia.

Nafasi yake rafuni naiacha wazi, upana wa kidole.
Masengo anauliza aandike nini:
imepotea? imeharibika?
Andika kama tulivyoandika bohari, mwanangu,
nyundo ilipokuwa shimoni:
imetoka, iko kazini.