Tarehe 31 Aprili

Nahodha alikuwa na kovu shavu la kushoto.
Akaingia mlango wa chumba cha mitambo,
akatokea upande wa pili, kovu liko kulia.
Chumba kizima kikaguna.
"Rudisha," akasema Mbeleje,
nikarudisha, maana rimoti ilikuwa yangu,
na duka la kutengeneza redio, nyuma ya soko la Majengo,
lilikuwa langu, na deni la umeme pia.

Mgeni angecheka, akasema wameboronga, akaenda zake.
Sisi tulikaa na lile kovu mpaka saa sita usiku
tukitemea mbegu za zabibu kwenye kopo la rangi,
hadi Sechelela alipopata:
chombo kikikaribia jua jeusi,
kila avukaye kizingiti hugeuka
kama shati lililovuliwa kwa haraka.
Hata moyo wake sasa uko kulia. Subirini, mtaona.
Hatukuona. Waandishi hawakujua walichokiandika.
Lakini tangu usiku ule, kila nahodha aliposhika kifua,
tulitazama mkono umekwenda wapi.

Sechelela ni karani wa masjala.
Mchana kutwa anasahihisha watu:
Chilongani aliyeandikwa Chilongola,
mama aliyezaliwa baada ya mwanawe.
Mstari kwa kalamu nyekundu, muhuri, anayefuata.
Jioni anakuja kwangu kufanya kazi kinyume:
kosa linaachwa palepale,
ulimwengu ndio unasogezwa kidogo,
kama kochi, lipate kupita.

Na sisi wa Dodoma hilo tumelizoea.
Tulizaliwa makao makuu kwenye ramani
huku mawaziri wakilala pwani.
Mwalimu akiuliza, tulijibu Dodoma, tukawekewa vema,
tukatoka nje tukapishana na ng'ombe.
Hakuna aliyeita uongo. Tulisema: yanakuja, yako njiani.
Na jina lenyewe, tembo kazama:
kwa bibi yangu alizama akinywa maji,
kwa kina Mbeleje alizama akikimbizwa,
na hakuna mwenye rimoti
ya kumrudisha tembo nyuma tuone.

Daftari lilikuwa la Mbeleje. Kaunta buku, kwaya tatu.
Ukurasa wa kushoto kosa, wa kulia dawa yake.
Saa ya mkononi kwa kiumbe asiyejua wakati.
Injinia aliyebadilika sura msimu wa tatu
na mkewe hakushtuka.
Hapo tuligombana wiki mbili. Masima alisema
kapewa ngozi mpya hospitali ya sayari ile ya barafu.
Mbeleje alisema hapana. Mkewe aliona, akanyamaza,
kwa sababu hata wewe siku moja
utarudi nyumbani na sura nyingine
na utataka mtu asiulize.

Alifariki mwezi wa Mei. Kifua.
Tulimzika Msalato, upepo ukitujaza vumbi mdomoni.

Daftari likaja kwangu kwenye mfuko wa sukari.
Mstari wake wa mwisho:
31 Aprili. Sehemu ya tisa. Kivuli cha maiki ukutani.
Ukurasa wa kulia, mtupu.

"Homa hiyo," akasema Masima. "Siku hiyo haipo."

Lakini mimi naikumbuka.
Mvua ya mwisho, iliyochelewa kuokoa mtama,
umeme ukakatika mara mbili,
akanywa chai yangu akidhani ni yake.
Haikuwa tarehe thelathini; thelathini nilikuwa Kongwa kwa shemeji.
Haikuwa Mei mosi; Mei mosi sikufungua duka.

Sechelela akatoa kalamu nyekundu mkobani. Mazoea.
Akaifungua, akaishika juu ya ile tarehe
muda wa kutosha wino kukauka,
akaifunga. Akaomba ya bluu.

Upande wa kulia, kuhusu kile kivuli, akaandika:
*Kuna mtu. Kasimama nje ya picha, anawasikiliza.*

Kisha akanigeukia.
"Bonyeza basi. Tuko sehemu ya kumi."