Boga la Ngazini

Riziki, mwanangu wa miaka kumi na mmoja,
ameona boga jikoni kwa bibi yake, Limbani,
akaomba kisu.
Si cha kumenya. Cha kuchonga macho.

Mama kaacha kukuna nazi.
"Macho ya nani?"

Nikaanza kueleza, nimekalia gunia la makonyo,
kwamba kule Ohayo, mwezi wa kumi ukiingia,
watu hununua maboga kwa toroli,
huyatoboa macho, huyachonga meno,
huyaweka ngazini na mshumaa tumboni,
watoto wakapita usiku, mlango kwa mlango,
wamejifanya mizuka, wakidai peremende.

"Halafu huyala lini?"

Hawayali, Mama. Huozea pale pale.

Kaniangalia kama aliyesikia maiti haikuzikwa.
"Na weye? Lako ulilifanya nini?"

Langu nililiweka. Niseme kweli, huu ni mwezi wa toba.
Mwaka wa kwanza nilizima taa, nikajifungia na mwanangu,
tukasikiliza milango ikigongwa bila hodi.
Mwaka wa pili Riziki alilia.
Mwaka wa tatu nilichonga mwenyewe,
nikasoma Bismillahi kabla ya kisu,
sijui kwa nini. Mazoea ya kuchinja.

Jina lake kule wamelipunguza: Rizi.
Mwalimu alisema hivyo ni rahisi zaidi.
Nikacheka naye, kwa adabu ya mgeni,
nikarudi nyumbani na silabi iliyobaki
kama chenji niliyosahau kuihesabu.

Kuna fomu pia. Kule kila kitu kina fomu.
Wewe nani? Tia alama kisanduku kimoja.
Unguja niliitwa Mpemba, wakacheka kabla sijatania.
Dar nikawa Mzanzibari.
Uwanja wa ndege nikawa Hamad Hamad,
maana Faki, jina la baba, la katikati,
halikupata nafasi kwenye mstari.
Kwenye kisanduku nikawa Mweusi,
na siku ile ndipo nilipoitazama mikono yangu
kama kitu cha kuazima.

Faki alikufa nikiwa zamu ya usiku.
Ghalani, kati ya rafu za viatu na rafu za chakula cha mbwa,
simu ikatetemeka kiunoni.
Nilimzika kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja:
udongo mwekundu, kanzu, mgongo wa mtu nisiyemjua,
mtandao ukakatika kwenye talakini.
Mapumziko ni dakika kumi na tano.
Tano nilizitumia kutawadha
kwenye sinki lenye tangazo: Usioshe miguu hapa.
Nikainua mguu.
Mungu anisamehe. Na msimamizi naye.

Alasiri inakwisha, umeme umekatika Wete yote.
Mama kalikata boga juu, kama kifuniko,
kakomba nyama kwa kijiko, hakuacha hata uzi,
kaitia sufuriani na tui, sukari, iliki.
Ganda kampa mjukuu.
"Haya, chonga. Chakula kwanza, mzuka baadaye."

Baada ya futari, giza la kweli.
Koroboi ndani ya ganda, ganda barazani.
Meno matatu. Jicho moja kubwa kuliko la pili.
Bi Time, njiani kwenda tarawehe, kasimama.
"Yakhe, nini hicho?"
Mama hakugeuka.
"Mgeni wa Riziki. Tushamla."

Kalitaja jina zima, polepole,
na mtoto akaitika kama aliyeguswa begani.

Nilikuwa nishavaa kofia, natafuta viatu.
"Baba," kaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea,
"tumpelekee Babu? Kule hakuna taa."

Makaburini hatuwashi taa, nilitaka kusema.
Nikainama, nikalitikisa lile koroboi,
kusikiliza mafuta yamebaki kiasi gani.