Matope ya Bunduki

Naosha pikipiki isiyo yangu
kwa maji ya Mama Chiku, Mbezi Mwisho, ndoo mia mbili,
kabla bosi hajaja kuikagua.
Mchanga wa Dar ukimwagiwa maji huaga mara moja.
Udongo huu haujui kuaga.
Umekaa kwenye sproketi, mwekundu,
kama mgeni aliyeonjeshwa pilau.

Siku nne sijapeleka hesabu.
Mimi nilisema tumbo. Kondo alisema msiba.
Gervas ni mlokole, hasemi uongo: alizima simu.
Aliyeanza ni Pazi, pale kijiweni, mvua inanyesha,
anahesabu chenji:
"Miaka tisa nawapeleka watu wanakokwenda.
Goba, Makabe, Kinyerezi, hospitali, fumanizi.
Mimi je? Nani ameshaniuliza, wapi kaka?"
Tukacheka.
Alfajiri ikatukuta Kibaha.

Ah, wepesi wa siti ya nyuma ikiwa tupu!
Boksa iliruka matuta kama mbuzi aliyekata kamba.
Mara mbili niligeuza shingo niulize, "nikushushe wapi?"
nikaukuta upepo, nao haukuwa na haraka.

Baada ya Mzumbe lami ilitusindikiza kidogo, ikarudi kwao.
Kilichobaki si barabara, ni mabishano:
jiwe linasema kushoto, korongo linasema njoo,
gia ya kwanza inalia, klachi inanuka nywele zilizoungua,
na chini, chini kabisa, mto
unasikika bila kuonekana, kama ugomvi wa jirani.
Mama mmoja mwenye tenga la kabichi kichwani
akatupita kwa miguu, akatusalimu.
Kwenye kona ya juu tukamkuta amekaa,
anatusubiri, atuonee huruma kwa nafasi.

Mnyororo wa Kondo ukakatika, Bunduki bado kilomita tatu.
Mjini mwenzio akizimikiwa unamsukuma kwa mguu,
mnakwenda ubavu kwa ubavu kama mapacha.
Kule hapana. Mlima hautaki mguu, unataka bega.
Tukazipandisha tatu, tukashuka kwa miguu,
tukaikumbatia ya nne.
Gervas anaimba pambio, Kondo anatukana,
na ajabu yake, mapigo yakalingana.

Usiku baridi ikatukuta na vizibao vyetu vya njano.
Pazi alikaa juu ya jiwe, helmeti mapajani.
"Sikieni," akasema.
Tukasikiliza. Hakukuwa na kitu.
"Ndiyo hicho. Hakuna anayesema
hapo hapo, simama."
Kisha akavuta makamasi, akasema ni baridi.
Tukakubali ni baridi.

Bosi amekuja. Anapapasa tangi, anapiga tairi teke,
anainamia mita ya kilomita.
Mita ilikufa mwaka juzi, Mungu ni mwema.
"Tumbo limepona?"
"Limepona."
Chini ya madigadi hakuchungulia.

Abiria wa kwanza, kijana wa Goba, begi la kompyuta,
kabla hata sijaingiza gia ya pili anaona suruali yake.
"Kaka, tope gani hili, na jua lote hili?"
"La Bunduki."
"La nini?"
"Bunduki. Nilikuwa Bunduki, mimi na wenzangu watatu,
usiku."
Akarukia chini kwenye tuta, mbele ya kijiwe,
buku lake mkononi mwangu, hakudai kitu.

Pazi alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

Nikaegesha. Nikaokota kijiti nilichokoe lile tope.
Nikaligusa. Lilikuwa bado na ubaridi, au nilitaka liwe nao.
Nikabadili mawazo,
nikachokolea meno.