Askofu wa Korosho

Msimu uliopita nilifungua kwa kila namna.
Jumatatu askari wa mfalme, hatua mbili.
Alhamisi askari wa pembeni kabisa, kwa ushamba tu.
Jumamosi nikatoa kafara askari wawili mfululizo
kwa kuwa nilimwona mtu akishinda hivyo kwenye simu.
Mnali alizila kafara zote.
"Asante," akasema, kama aliyekaribishwa futari.

Tunachezea ghalani, hapa Newala, mnada ukishafungwa,
juu ya mizani isiyopima kitu saa hizo.
Ubao ni mgongo wa boksi la viuatilifu.
Kete zilitoka Masasi zikiwa kamili,
ila askofu mmoja mweupe, yule wa miraba myeusi,
alidondokea kwenye magunia, akasafirishwa
labda hadi India, huko wakajaribu kumbangua.
Mahali pake pamekaa korosho ghafi.

Mimi, Somoe Nandonde, karani wa mizani,
gunia nalijua uzito kwa kulitazama,
hatua ya kwanza sikuijua uzito wake.
Kila nilipofungwa nilihama,
nilihama nyumba kabla sijajua
inavujia wapi.

Juzi nilipita shambani kwa shangazi.
Mikorosho yake ya mwaka wa tatu
ndiyo kwanza inatoa maua.
Jirani yake aling'oa yake akapanda ufuta,
ufuta akaukatia tamaa,
sasa anauliza bei ya mbaazi.
Shangazi hakuniambia neno.
Alikuwa anapuliza salfa,
mdomo kaufunga kitambaa.

Basi nimechagua.
Askari wa malkia, hatua mbili.
Kisha korosho yangu itoke nje mapema,
kabla askari wa mfalme hajasogea
akaifungia mlango kwa ndani.
Vijana wa sekondari wanacheka:
mchezo wa kusinzia huo, dada.
Wacheke.
Sitafuti cha kumshangaza Mnali;
Mnali ameshangaa mara moja tu maishani,
wiki ile maji ya bomba yalipotoka siku mbili mfululizo.
Ninachotaka ni hiki: nikipotea,
nipotelee njia ninayoijua,
niweze kusema, hapa,
hatua ya kumi na nne, chini ya farasi,
ndipo kisiki kilipo.

Jana amenifunga tena.
Lakini ilikuwa hatua ya arobaini na moja,
ukungu umeshapanda kutoka bondeni,
mlinzi amegonga mlango mara mbili.
Nyuma ya daftari la stakabadhi niliziandika hatua zote,
moja nikaizungushia wino mwekundu.
Ni ileile ya wiki jana.

Mnali aliiokota korosho, akainusa.
"Hii ikioza, utacheza na nini?"

Nikamwambia, geuka nyuma yako.
Ghala limejaa.