Bila Chokoleti

Tangu Ijumaa duka la kona lilikuwa na siki.
Siki rafu ya juu, siki ya kati, siki ya chini,
chupa zimejipanga kama askari wa gwaride,
na muuzaji, mikono kwapani,
akitulinda tusije tukaiba siki.

Ilikuwa Łódź, usiku wa kuamkia tarehe kumi na tatu Desemba,
siku ya jina la Otylia, yaani mama,
mwaka mmoja tangu vifaru vipite mtaani kwetu
na baba ajifunze kunong'ona hata jikoni.
Chokoleti ilikuwa neno
lililochapwa kwenye kadi ya mgao ya watoto,
na ya mwezi ule tulikuwa tumeshaila.

Baba alikoroma chumba cha pili.
Zenek, miaka kumi na mmoja, akafungua kabati,
akasoma kama karani anayeorodhesha mali ya marehemu:
maziwa ya unga, mfuko mmoja, wa msaada, maandishi ya Kiholanzi;
sukari, nusu bakuli;
majarini, ile inayonuka kidogo;
biskuti, pakiti moja, zimevunjika.
"Afadhali," akasema, "kazi imepungua."

Na nyuma kabisa, nyuma ya njegere,
kopo la kakao.

Lile tulikatazwa. Lilikuwa la komunyo yangu, mwezi Mei.
Akiba haiozi, nikamwambia.
Akalitikisa, likagonga kama lina jiwe.
"Haiozi, lakini inaganda. Tunaiokoa."

Basi tukaiokoa.

Maji vijiko vinne, sukari, moto mdogo,
shira ikaanza kunong'ona pembeni mwa sufuria.
Majarini ikateleza, ikazama, ikaibuka mafuta.
Kakao vijiko vitatu, akasema Zenek.
Nikatia vitano.
Harufu ikapanda ukuta, ikapita tundu la kitasa,
hata Bi Pelagia wa ghorofa ya tatu akagonga bomba la joto
mara mbili, kama anayeuliza:
kuna msiba huko, au harusi?

Maziwa ya unga ndiyo yaliyotutoa jasho.
Unayamwaga, yanakimbia kujificha,
yanajifunga madonge na ndani yamebaki makavu.
Zenek akakoroga, mimi nikayaponda kwa mgongo wa kijiko,
moja moja, moja moja.
"Njoo usaidie, kidole kimoja hakivunji chawa."
"Usitaje chawa juu ya chakula."

Biskuti mwisho. Tukashindilia yote katika bati la mkate
lililotandikwa karatasi kuukuu ya siagi,
tukaliweka nje ya dirisha, juu ya theluji.
Friji ya nini,
nchi nzima ikiwa friji?

Mkono mtupu haulambwi. Yetu ilijaa hadi viwiko:
tukailamba, tukaipita kakao,
tukafika kwenye ngozi.

Mama alirudi saa kumi na mbili alfajiri, zamu ya usiku,
nyuzi za pamba nyweleni, koti hajavua.
Akaona sufuria. Akaona kopo, tupu, limeachama.
Sisi tulisimama ukutani
kama waliokutwa na vipeperushi.

Akachukua kisu. Kipande kikatoka chembamba, cheusi,
na ndani yake vigae vya biskuti
na madonge meupe tuliyoshindwa kuyaua.
Akala amesimama. Akatafuna muda mrefu,
macho dirishani, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Chumvi," akasema.
"Mmesahau chumvi. Chembe tu, ncha ya kisu."

Akakata kingine. Akakata na cha tatu,
akakifunga katika leso.
"Cha Pelagia. Harufu imejaa ngazini,
atatuchukia tukila peke yetu."

Kisha akalisuuza kopo,
akalikausha, akalirudisha nyuma ya njegere,
mahali pake palepale.

Mwezi Mei wageni walikunywa chai.