Mtoto wa Meza

Leo nashika kalamu
si kwa kutumwa, kwa hamu;
nalikuwa mwenye zamu
afisi ya Trezarini.

Karani tangu awali,
chapa vidole viwili,
mfasiri wa kauli,
Shekue bin Mwidani.

Feni juu yazunguka,
karatasi zinaruka,
nami mawe nikiweka,
matumbawe ya Likoni.

Bwana wangu kaandika
kitabu kikasifika;
mimi humo sikufika
wala tanbihi, chini.

Kitabu cha enzi nzima,
Mfalme wa huruma,
kila tendo likavuma,
picha yake jaladani.

Yangu mimi ni nakili
za kaboni, mbilimbili:
moja yenda Serikali,
moja yenda Kibokoni.

Mtoto wake wa meza
ndiye nikimchunguza;
neno wakilipuuza
hulala mle tumboni.

Simu ilipotujia
kwamba huyu karithia,
halua tukagawia
watoto wa madrasani.

Picha mpya haijaja;
Bwana hakuweza ngoja,
ya babaye mara moja
ikapunguzwa ndevuni.

Ikapigiwa saluti
miezi saba, maiti,
nasi cheko hatuleti
ila kule msalani.

Tangazo nikafasiri,
neno moja likajiri
lanitoa ujasiri:
sisi kwake tuwe nini?

"Raia" si sawasawa,
"watumwa" lakataliwa,
"watoto" nikachaguwa
kwa woga, si kwa imani.

Nchi yenyewe ya kodi,
yake Unguja Sayidi,
hulipwa, hana zaidi
ila bendera Ngomeni.

Ikaja vita, si yetu,
wakataka watu wetu
wende bila ya viatu
hadi Lindi, mabondeni.

Tsuma, Nyamawi, Mwachiro,
Kombo, Hare, Mwinyi, Mwero:
kurasa kumi kasoro
moja, zote mkononi.

Zilipomfika Bwana
akazitazama sana,
asinene la maana,
akatia mtotoni.

Ikaja barua nene
ya shukurani, tuone;
fremu, misumari mine,
ikawekwa ukutani.

Mke wa Tsuma kafika
toka Rabai, kachoka:
"Mume wangu keshatoka
vitani, au yu ndani?"

"Yu ndani," ningalisema,
"hatua tatu tu, mama,
na hapo ulosimama,
chini ya rula na pini."

Nikamwambia, "Subiri,
kuna hati, kuna siri,
Bwana bado yu safari."
Bwana alikuwa ndani.

Nami cheo kikapanda
na baiskeli ya kwenda;
kimya changu nikapenda,
kikazaa mfukoni.

Mfalme kafariki,
klabuni kuna muziki;
Bwana kasema, "Hatoki
mtu leo mchezoni."

Simu nayo ikalala
na kina Tsuma, mahala
pamoja, pasi jamala:
baba na watoto, ndani.

Usiku ule mzima
maiti kanitazama,
kichwa chake chasimama
shilingini na stempuni.

Nikanunua kahawa
kwa kichwa chake, kikawa
hai, kikapokelewa
pasi swali kibandani.

Kitabu chasimulia:
"Mji ule ulilia
saa ilipotujia
habari ile, njiani."

Mimi nimlaumuje?
Nami langu nisitaje?
Yule mama nimwiteje
akinijia ndotoni?

Kesho nakwenda Rabai,
mwana wa Tsuma yu hai;
si fidia, sijidai,
ni jina, karatasini.

Mchwa nao wamefika,
kona moja imelika,
"Tsu" tu ndiyo yasomeka;
mwanawe atabaini.