Picha ya Kigasha

Mimi hufunga maziwa kwa mshahara.
Zamu ya usiku, kiwandani, Iisalmi:
katoni elfu kumi na nne hupita mbele ya macho yangu,
na nyumbani mwanangu hana hata tone kwenye glasi.

Niliyaondoa mimi.
Jirani asisingiziwe, hata yule Raili wa ghorofa ya pili
aliyenishika mkono ngazini, kwa huruma:
mwondolee maziwa, mwondolee ngano,
utaona ulimi utakavyofunguka.
Otso alikuwa na miaka minne na neno moja,
na neno lenyewe lilikuwa "lifti".
Ningeondoa hata paa la nyumba.

Miaka mitatu.
Maneno yalikuja, lakini yalikuja kwa miguu yao,
bila kuniuliza nimempikia nini:
taa, basi, kumi na saba,
na siku moja, kwenye theluji, huku akitazama kwingine, mama.

Kisha akateleza mlangoni.
Si anguko la kusimuliwa watu.
Mkono ukavunjika kama njiti ya kiberiti.
Hakulia. Alisema, "Kumi na saba."
Ndiyo namba ya maumivu; nilijifunza siku hiyo.

Daktari aliinua picha kwenye mwanga.
Kwa ncha ya kalamu akafuata ukingo wa mfupa,
ganda lililopaswa kuwa nene,
jembamba kama mstari wa chaki uliosalia baada ya kufuta ubao.
Anakula nini?
Nikamtajia. Haikuchukua muda:
viazi vya kupondwa, wali, biskuti za mchele,
tufaha lililomenywa,
na chochote kisiguse kingine sahanini.
Jua je?
Tukatazama dirisha wote wawili. Desemba:
jua letu hutoka saa nne, na saa nane limeshaaga.
Hakunilaumu. Lawama ingekuwa nafuu,
ningepata cha kubishia.

Usiku ule katoni zilipita moja moja
na sikuweza kuzitazama usoni.

Nilijaribu kuyarudisha.
Otso aliibeba glasi kwa mikono miwili,
akaiweka nje ya mlango, juu ya zulia la viatu,
akarudi akamalizia kiazi chake. Kwa adabu kabisa.
Matone ya vitamini alikubali,
ila kwa kijiko kimoja tu, kile chenye mkwaruzo.
Tumekwisha kukitafuta kwenye taka mara mbili.

Ndipo akaja bibi yake, Impi,
asiyeweza kutamka "usonji" bila kupunguza sauti,
na ndoo ya samaki wa ziwani wenye urefu wa kidole.
Akawavingirisha katika unga wa mchele, akinung'unika,
akawakaanga wazima, na mifupa yao.
Hakusema, "Kula." Alisema, "Nipangie."

Otso aliwapanga kwa urefu, vichwa kaskazini,
kila Jumapili, wiki tisa.
Wiki ya kumi alivunja mkia mmoja karibu na sikio.
Ka.
Akavunja wa pili. Akasikiliza.
Wa tatu aliuweka katikati ya meno,
na Impi akageukia sinki, akaosha sufuria iliyo safi.

Sitasema amepona; hakuwa mgonjwa.
Wala mfupa haujazwi kwa mkia.
Jana alikula saba, vichwa akavirudisha kwenye mstari.
Picha nyingine ni mwezi wa tano.

Lakini nimetoka zamu, viatu mkononi,
nimesimama ukumbini gizani nisimkatize,
nasikia mifupa midogo ikivunjika
kinywani mwa mtoto niliyempunguzia wake.
Anahesabu milio:
kumi na nne,
kumi na tano,
kumi na sita.

Ananyamaza.
Anaanza tena na moja.